Nilivyosimama Peku Bungeni

Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Wananchi walinichagua kwa mdomo wangu, si kwa kichwa. Kwa hiyo wenzangu waliposikia kwamba nitaunga mkono hoja ya mambo ya ndege, walicheka mpaka wakafuta machozi. Nikacheka nao. Mimi hata baiskeli imenishinda.

Hoja yenyewe ilikuwa hivi. Kuna kisiwa jirani ambacho hakina kiti katika shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kisa ugomvi wa wakubwa. Njia za ndege zikibadilishwa, wenzao wanaambiwa mezani. Wao wanasikia baadaye, kama ndugu asiyeitwa kwenye kikao cha ukoo. Hoja ilitaka bunge letu litamke rasmi kwamba kisiwa hicho kikaribishwe. Na kitindamimba wangu ni rubani wa ndege ya mizigo inayotua huko. Juzijuzi waongozaji ndege wa kisiwani walimpa njia ya zamani, akapishana na ndege nyingine karibu mno, mpaka akaona rangi ya mkia wake.

"Mama, usihutubie," aliniambia kwenye simu. "Wewe simama tu."

"Kusimama tu? Hilo hata mbuzi anaweza."

"Ndiyo maana nimekuomba wewe."

Kanuni zetu zinasema mtoa hoja akimaliza, wabunge kadhaa wasimame. Wakipungua hata mmoja, hoja inazikwa palepale. Mtoa hoja, mwalimu mstaafu na shoga yangu, alikuwa amepata idadi ile kwa kukwangua, mimi nikiwa wa mwisho.

Sasa mimi, kwa tamaa ya kuonekana kwenye televisheni, nilivaa viatu vipya. Vikanibana hadi machozi. Nikavivua chini ya meza. Ukumbi wetu una safu zinazoshuka kama ngazi, na nilipokuwa nikivitafuta kwa vidole vya miguu, nikakisukuma kimoja. Kikashuka safu kwa safu, kikatulia ubavuni mwa Waziri, yuleyule aliyekuwa akipinga hoja. Na asiye na viatu hutolewa nje.

"Wanaounga mkono wasimame," Spika akasema.

Shoga yangu akageuka. "Simama, we!"

"Nina mguu mmoja tu."

"Tangu lini?"

Karani alikuwa ameanza kuhesabu vichwa. Nikaufikiria ule mkia wa ndege, ulivyopita mbele ya macho ya mwanangu. Nikasimama, peku.

"Utaratibu, Mheshimiwa Spika!" Waziri akaruka. "Mheshimiwa yule hana viatu!"

"Mheshimiwa, ni kweli huna viatu?" Spika akauliza.

"Ninavyo, Mheshimiwa Spika. Ila kimoja kimehamia upande wa Serikali."

Meza zilipigwa, hata za wapinzani wetu. Spika alijikaza asicheke, akaamua: kichwa changu kimeshahesabiwa, hoja imeungwa mkono; miguu yangu itoke nje.

Nikatoka na kiatu kimoja mkononi. Mjadala niliusikiliza kwenye kipaza sauti cha korido, nimekaa sakafuni. Spika alipouliza wanaoafiki, nikapiga kelele, "Ndiyoooo!"

"Bibi," askari wa mlangoni akaniambia, "huku huhesabiwi."

Hata hivyo ikapita. Nikampigia mwanangu, kifua mbele.

"Kisiwa chako nimeshakiingiza!"

"Asante, mama. Lakini hiyo ni sauti ya bunge letu tu. Mkutano wa shirika lenyewe bado haujakaa."

"Kwa hiyo kesho?"

"Kesho naruka njia ileile."

Nikakivaa kile kiatu kimoja.

"Huo mkutano utakaa wapi?"

"Mbali sana. Mpaka upande ndege."

Ndege, na mimi hata baiskeli imenishinda! "Ukiendesha wewe," nikamwambia, "nitapanda."