Bamba la Kibiriti na Mashahidi Wenye Miguu Sita

Katika karakana ya Fundi Mkuu, kazi isiyo na nukta tatu haina baba. Nukta hizo alizigonga mwenyewe kwa ncha ya chuma na nyundo ndogo, kwenye kona ya kila kitu kilichotoka pale: mageti, matangi, bodi za pikapu. Kitu kikivunjika hata baada ya miaka kumi, mteja alikileta, akaonyesha nukta, na Fundi Mkuu akakitengeneza bila kudai chochote huku akijilaumu kama mtu aliyeangusha mtoto wa jirani.

Binti yake walimwita Kibiriti, kwa ufupi wake na kwa wepesi wa kuwaka. Alikuwa amefanya kazi miaka sita pale karakana. Alichomelea, alinyoosha, alipiga msasa mpaka kucha zikasahau rangi yake. Lakini kazi ya kubuni kitu kutoka bati tupu ilikuwa ya baba, na hakuwa amepata nukta hata moja. Zilikuwa tatu tu, na hata kwa kukopeshwa moja hakubahatika.

Ndipo akaja Mwalimu. Alikuwa amestaafu na kununua trela la kulala, yaani chumba kizima juu ya magurudumu: kitanda, jiko, na kabati la vitabu. Trela hilo lilikuwa refu kwenda juu kuliko pikapu inayolivuta, na uso wake bapa kama mlango wa ghala.

"Nikifika mwendo wa themanini," alisema, "gari linahema kama mimi nikipanda ngazi."

Kibiriti akadakia kabla baba yake hajafungua mdomo. Upepo unaligonga trela usoni, alieleza. Ukifunga bamba la alumini juu ya paa la pikapu, likainuka kwa nyuma, upepo utaruka juu ya trela na kwenda zake.

"Kwa hiyo unaujengea upepo ngazi," alisema mjomba wake, mpiga rangi wa karakana, ambaye mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko brashi. "Usisahau na mkono wa kushikilia, usije ukateleza."

Fundi Mkuu alimgeukia bintiye. "Lifanye peke yako. Likifaa, sawa. Lisipofaa tutalikunja liwe beseni, nawe unahamia kwenye rangi kwa mjomba wako moja kwa moja."

"Shemeji, usinitupie mzigo," mjomba akasema. "Huyu anapaka rangi kama anagombana nayo."

Kibiriti alilikunja bamba kwa siku nne. Akalifunga na kulipima pembe pikapu ikiwa juu ya sakafu ya baba, kama ilivyokuwa desturi. Sakafu hiyo Fundi Mkuu aliimwaga kwa mikono yake na kujisifu kwamba ukiweka yai juu yake, halijui liende wapi. Hakuna kazi iliyopimwa mahali pengine. Trela lenyewe halikupita mlangoni, likabaki uani.

Mwalimu alikuwa mtu wa vipimo. Njia yake ya kwenda kwa dada yake na kurudi ilikuwa kilomita mia nne, na bila bamba ilikula lita sitini kamili. Alijaza tangi hadi mdomoni kwenye pampu ileile, akaenda, akarudi, akajaza tena. Lita sitini na moja.

"Beseni limeona kiu," mjomba akasema.

Kibiriti alichukua ndoo na kitambaa akaenda kuosha trela, kwa sababu mtu mwenye hasira lazima asugue kitu. Mkono ukakwama hewani. Uso wa trela ulikuwa umejaa wadudu waliokufa njiani, kuanzia kiunoni hadi kwenye ukingo wa paa. Mdudu habishani na upepo, anakwenda anakopelekwa. Kama hawa walifika kwenye paji la uso, basi na upepo ulifika nao.

Akaangalia pikapu iliyofungwa trela. Mkia umeshuka kwa uzito wa trela, pua imeinuka, kama benchi aliloketi mtu mnene upande mmoja. Na bamba, lililosimama vizuri pale ndani, hapa nje lilikuwa limelala.

Sasa ilibidi amwambie baba yake kwamba kosa lilianzia kwenye sakafu. Alizunguka pikapu mara mbili akitafuta njia nyingine ya kulisema, akaikosa.

"Baba, sakafu yako haina kosa," alisema. "Ila Mwalimu hasafiri juu ya sakafu yako."

Mjomba akaweka brashi chini. Fundi Mkuu akatoka hadi uani, akachuchumaa, akatazama mkia wa pikapu. "Lete spana," akasema.

Kibiriti aliosha trela, kisha akapima upya palepale kwenye vumbi, trela likiwa limefungwa, tangi lake la maji limejaa na vitabu vyote vya Mwalimu vimo ndani. Alivuta uzi kutoka ukingo wa bamba hadi ukingo wa paa la trela, akaliinua bamba mpaka uzi ukaridhika kwamba upepo utapita juu. Tena akalifunga kwa bolti nne za kufungua kwa mkono, kwa sababu pikapu ikienda sokoni bila trela, bamba ni mzigo tu.

Mwalimu alirudi kutoka safari ileile Jumapili mchana. Lita hamsini na sita.

"Lita nne si muujiza," alisema, "ila kwenye vilima gari halikuhema. Nilihema mimi tu, kwa mazoea."

Fundi Mkuu hakusikiliza hesabu. Alitoa leso yake nyeupe, akapanda kwenye ndoo, akafuta paji la uso la trela. Leso ikatoka na vumbi tu. Wadudu wote walikuwa wameishia chini, kwenye mstari kama uliochorwa kwa rula. Akamwonyesha Mwalimu leso, akamwonyesha mjomba, akamwonyesha na jirani aliyekuwa anapita na shughuli zake.

Kisha akarudi na nyundo ndogo na ncha ya chuma. Kibiriti akasogea ampishe. Baba hakugonga.

"Nukta zangu sizigongi kwenye kazi ya mtu mwingine," alisema, akampa vyote viwili. "Tafuta alama yako."

Kibiriti alifikiri kidogo, akainama kwenye kona ya bamba. Akagonga nukta moja nene, halafu mistari sita mifupi, mitatu huku, mitatu huku.

"Mdudu?" mjomba akauliza.

"Shahidi wangu."

Fundi Mkuu alipitisha kidole juu ya alama hiyo, polepole, miguu yote sita. Halafu akamwita yule jirani arudi.