Buti Nyeupe ya Adongo

Tovuti ya zamani ya kampuni ya chai ilikuwa vurugu tupu: kila ukurasa na kijani chake, kila kichwa na herufi zake, na kitufe cha kuombea kazi kimefichwa mahali ambapo hata aliyekiweka asingekipata. Nelvine aliajiriwa kuisafisha, na kusema kweli aliisafisha. Kijani kikabaki kimoja, kile cha mashamba ya chai ya Litein baada ya mvua.

Ikabaki picha moja ya kuudhi. Mwanamke mchumaji, kikapu mgongoni, buti moja nyeusi na nyingine nyeupe. Asubuhi hiyo meneja, Alexander, alisema ile buti nyeupe inaharibu mpangilio wote. Picha itolewe kabla ya jioni.

Kabla ya kuitoa, Nelvine alimwita Adongo, mpokeaji simu wa ofisi, aijaribu tovuti tena. Adongo alichuma chai mpaka presha ya macho ikampofusha. Siku hizi simu yake humsomea kila kitu kwa sauti. Alipoijaribu tovuti mara ya kwanza, sauti ilimwambia tu "picha, picha, picha," naye akauliza kama ameitwa kuhesabu picha. Nelvine aliona haya, akaenda akaandika maelezo ya kila moja.

Leo Adongo aliiendesha sauti mbio, Nelvine asiambulie neno. Kidole kikateleza ukurasa hadi ukurasa bila kukwama. Kazi yote ya Nelvine ilikuwa ikipita masikioni mwa mtu, haina rangi hata moja, na bado ilikuwa nzima.

Ghafla kidole kikasimama. Adongo akairudisha sauti nyuma, ikasoma taratibu.

"Mwanamke mchumaji chai kando ya shamba. Buti ya kulia nyeusi, ya kushoto nyeupe."

"Huyo ni mimi," Adongo akasema.

Akaeleza kwamba siku hiyo mbwa alitoroka na buti yake moja, akavaa nyeupe ya mumewe, aliyefanya kazi kiwandani. Mgeni mwenye kamera akapita, akampiga picha. Picha yenyewe hakuonyeshwa kamwe, na mwaka uliofuata macho yakazima.

Nelvine aliitazama picha upya. Siku zote hizo alikuwa ameangalia miguu tu.

"Umeandika mabuti, uso umeacha," Adongo akasema. "Mimi sikumbuki tena uso yangu, Nelvine. Niambie ilikuwa aje."

Nelvine akaikuza picha mpaka uso ukajaa kompyuta. Alexander, aliyekuja kuuliza kama imetolewa, alisimama mlangoni akautazama uso ule, kisha ule wa Adongo uliokuwa ukingoja. Akasema kwa sauti ndogo iachwe.

Nelvine akafuta maelezo yake, akaanza upya, akitamka kila neno alilochapa: mashavu ya mviringo, kitambaa kilichoteleza upande, mwanya. Adongo akaugusa mwanya wake kwa ncha ya kidole.

"Na macho? Inaangalia wapi?"

Nelvine akayatazama macho ya pichani.

"Yananiangalia mimi, Anti."