Mrithi wa Duka la Theluji

Mbwana Shee alifariki ghafla mwezi wa pili, mwaka wa 1996, akiwa ameketi kitandani anafunga kamba za viatu aende kufungua duka. Mkewe, Sheikha, alikuwa jikoni akimmiminia chai. Hawakujaaliwa watoto. Katika ukoo wa Mbwana alibaki dada mmoja tu, Mwanakuu, mwalimu wa shule ya msingi Tudor, na huyo hakuwa amekanyaga dukani kwa kaka yake tangu lilipofunguliwa.

Lilikuwa duka la aiskrimu, kwenye barabara ya Ndia Kuu. Mbwana alipoacha kazi ya bandarini alinunua kwa kampuni moja ya Nairobi haki ya kutumia jina lao, Theluji. Kampuni ilimletea mashine, unga wa aiskrimu, koni na bango la buluu. Yeye alilipa ada ya kuanzia, na kila mwezi akawapelekea sehemu ya mauzo. Chumba alikipanga mwenyewe.

"Yaani unanunua jina la watu?" Mwanakuu alimuuliza wakati ule. "Na siku wakilitaka jina lao?"

Wakakasirikiana, na hasira ile ikakaa miaka minne. Sheikha ndiye aliyelifurahia duka. Kila alasiri Mbwana alimletea koni moja nyumbani Kibokoni, akikaza mwendo isiyeyuke, na kila siku alifika imeyeyuka, mkono umelowa mpaka kwenye kiwiko, naye anacheka.

Matanga yalipokwisha na wageni kuondoka, Mwanakuu alibaki. Hakusema kwa nini. Asubuhi alikwenda shule, jioni akarudi na mboga za Marikiti, akapika, akamtandikia wifi yake kitanda. Sheikha alikuwa ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi, hatoki nje wala haonekani na wanaume wasio maharimu zake. Wawili hao walizungumza kwa adabu sana, kama watu waliokutana safarini.

Mwezi mmoja hivi baada ya mazishi, Jumamosi asubuhi, mtu alibisha hodi. Alikuwa kijana wa bara aliyevaa tai, uso umemlowa jasho.

"Naitwa Joab, natoka Theluji, Nairobi," alisema. "Poleni sana kwa msiba."

Mwanakuu alimkaribisha barazani, akampa maji. Sheikha akaja akasimama nyuma ya mlango, pazia likiwa katikati.

"Karibu, mwanangu," alisema kutoka ndani. "Nisamehe, siwezi kutoka. Sema, nakusikia."

Joab hakujua atazame wapi. Mwishowe alilisemesha pazia. "Mama, nimetumwa kuchukua funguo. Kampuni inasema mkataba ulikuwa na marehemu, na marehemu hayupo. Kuna mtu mwingine anataka kuendesha tawi pale pale."

"Pale pale katika chumba cha kaka yangu?" Mwanakuu aliuliza.

"Ndivyo nilivyoambiwa."

Sheikha akasema, "Mwambie aliyekutuma kwamba funguo ziko hapa, na mimi niko hapa. Nikitoka eda tutazungumza."

"Mama, hawatangoja mpaka wakati huo." Sauti ya kijana ilishuka. "Kama mna wakili, mwoneni mapema. Mimi nitasema sikuwakuta tayari."

Kijana alipokwenda, Sheikha aliketi sakafuni pale pale nyuma ya pazia. Hakulia. Alikuwa akifikiri jambo ambalo hakuweza kulitamka. Kwa sheria ya mirathi, fungu la Mwanakuu lilikuwa kubwa kuliko lake. Kama kuna kitu cha kurithiwa katika duka lile, dada ndiye mwenye neno zaidi, na dada hakulipenda kamwe. Angesema neno moja tu, na bango lingeshuka.

"Mkataba u wapi?" Mwanakuu aliuliza.

Sheikha alimwonyesha kabati.

Jumatatu, baada ya masomo, Mwanakuu alipanda ngazi hadi ofisi ya wakili mmoja Bondeni, mwanamke wa Kikamba aitwaye Wanza, ambaye watoto wake aliwahi kuwafundisha. Wanza alivaa miwani, akausoma mkataba wote, ukurasa baada ya ukurasa, huku chai ikipoa.

"Wamewaambia nusu tu," alisema. "Ni kweli jina ni lao, na mashine ni yao, mmekodishwa. Lakini hapa panasema mwenye haki akifariki, warithi wana miezi mitatu ya kuiandikia kampuni kama wanataka kuendelea. Wataje mtu mmoja atakayeshika mkataba, naye au mwakilishi wake akafunzwe Nairobi. Mkinyamaza, haki imekwisha."

"Na chumba?"

"Nani alikipanga?"

"Kaka yangu, kwa jina lake."

"Basi hawana mamlaka ya kumweka mtu humo. Na mkataba huu ukiwa hai, hawaruhusiwi kufungua tawi jingine kisiwani. Alikuwa mwangalifu, kaka yako."

Mwanakuu aliinamisha kichwa. Kwa miaka minne alikuwa ameamini kwamba Mbwana alitia sahihi kwa macho yaliyofumbwa.

Wanza alimpa maagizo mengine. Wasitie sahihi karatasi yoyote mpya kabla yeye hajaisoma. Wapate hati ya warithi kwa Kadhi. Na wawapigie simu wenye matawi mengine, wawaulize mambo yasiyoandikwa. Mwanakuu alimpata mama mmoja wa Nakuru, na mama huyo akacheka kwenye simu: "Unga huchelewa, dada. Agiza kabla haujaisha, la sivyo utawauzia watoto koni tupu. Na mashine ikiharibika, piga kelele siku hiyo hiyo."

Barua ilipelekwa. Kampuni haikupinga, ila ilimtuma Joab tena na mkataba wa kuwaingiza warithi. Safari hii Wanza alikuwepo, ameketi na Mwanakuu barazani. Sheikha alikuwa nyuma ya pazia.

Wanza aligonga ukurasa mmoja kwa kalamu. "Hapa mmeongeza kwamba mkataba ukiisha, chumba kinahamia kwa kampuni. Hilo halimo katika ule wa kwanza. Litoke."

Joab alikwenda kupiga simu posta, akarudi. "Wamekubali litoke. Lakini ile kanuni ya kutouza aiskrimu kwa mwaka mmoja baada ya kuachana nao, hiyo wamekataa kuibadilisha."

Wanza aligeukia pazia. "Bi Sheikha, hiyo mliirithi kutoka mkataba wa mwanzo. Ni ngumu, ila ni ya mwaka mmoja. Unaonaje?"

"Mwaka huo tutauza sharubati," alijibu Sheikha, na Joab akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Akafungua kalamu. "Kampuni inataka jina la mtu mmoja. Niandike la nani?"

Sheikha alishika kitambaa cha pazia. Alisikia viti vikilia, alisikia mtu akipita njiani na mkokoteni.

"La wifi yangu," Mwanakuu alisema. "Sheikha binti Omari. Mimi ni mwakilishi wake, nitakwenda kufunzwa shule zikifungwa. Kwa Kadhi nimekwisha andikisha kwamba fungu langu katika duka nimemwachia."

Kalamu ilitembea juu ya karatasi. Kisha mkataba ukapitishwa chini ya pazia, na Sheikha akaupokea, akatia sahihi akiwa amepiga magoti, machozi yakidondoka pembeni asije akauchafua wino.

Usiku ule, wakila, aliuliza, "Kwa nini, wifi?"

Mwanakuu alikata mkate, akauweka chini. "Miaka minne nilipita njia ya nyuma nisimwone. Angenisamehe siku moja tu ningeingia nikasema nipe koni. Sikuingia. Sikufanya hili kwa ajili yake tu. Wewe hujanilaumu hata mara moja. Ungeweza."

"Ulinitandikia kitanda kila siku," Sheikha akasema. "Ningekulaumu saa ngapi?"

Mwezi wa nne Mwanakuu alipanda treni ya Nairobi, akakaa huko wiki nzima katika chumba chenye baridi, akijifunza kuosha mabomba ya mashine, kupima unga na kuzungusha koni. Aliporudi alifungua duka, na shule zilipofunguliwa akawa analifungua alasiri, baada ya masomo. Watoto wa Ndia Kuu, wengi wao wadogo wa wanafunzi wake wa zamani, walimwita Mwalimu na wakapanga foleni bila kuambiwa.

Eda ilipokwisha, Sheikha alioga, akavaa buibui jipya, na wakatembea pamoja mpaka dukani. Wanawake walimsalimia kutoka milangoni. Ndani alisimama mbele ya mashine asijue aanzie wapi, kwa maana kwa miaka yote ile hakuwahi kuigusa. Mwanakuu akamshika mkono, akauweka juu ya mpini, na mkono wake juu ya huo.

"Polepole," alisema. "Usiivute, iache ije."

Aiskrimu ilitoka ikainama upande mmoja. Mteja wao, bibi mmoja wa Kibokoni, aliitazama, akaipokea, akawaombea heri. Sheikha alicheka. Mwanakuu naye akacheka, kisha ghafla akaanza kulia, kilio kikubwa ambacho hakikutoka siku ya mazishi. Sheikha alimvuta nyuma ya kaunta, akamketisha kwenye kreti ya soda, akamkumbatia kichwa kifuani.

"Mlilie," alimwambia. "Mimi nimeshika duka."

Akajifuta mikono, akarudi kwenye mashine, na kumwuliza aliyefuata kwenye foleni anataka ya maziwa au ya ndizi.