Kipimo Kikavu Mezani

Siku ya tisa bila maji, mpunga wa Mbuke ulikuwa na mimba. Mkulima yeyote wa Usangu anajua maana yake. Mpunga ukiwa na mimba haumsubiri mtu. Ukikosa maji hapo unatoa mashuke meupe, na wewe unavuna makapi. Majaruba yake matatu yalikuwa yameshaanza kupasuka.

Kilichomuuma hakikuwa jua. Jua alilizoea tangu baba yake alipowaswaga na ng'ombe kutoka Shinyanga, yeye akiwa binti mdogo wa kubeba kibuyu. Kilichomuuma ni kwamba ofisi ya skimu ya umwagiliaji ilisema shamba lake limeshiba.

Skimu yenyewe ni ndogo, si ile kubwa ya Madibira. Zamani maji aligawa mtu, akapita na jembe begani akichungulia shamba moja moja. Msimu huu wakafunga vipimo, visanduku vyeupe vya ukubwa wa kipande cha sabuni, kimoja kwenye mdomo wa kila shamba. Kisanduku kinapima maji yanayoingia, kinatuma habari hewani mpaka kwenye sanduku kubwa la ofisini, karani anasoma kwenye kompyuta. Shamba likionekana limepata, zamu inakwenda kwa mwingine.

Mara mbili Mbuke alikwenda kulalamika. Mara mbili Justine, ndiye karani, akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Ona mwenyewe, bibi. Mfereji wa nne, mashamba sita, yote yanapokea maji."

"Langu limepasuka."

"Kompyuta haina shangazi wala mjomba. Haipendelei mtu."

Rozalia, jirani yake wa shamba la tano, naye alikuwa amekaukiwa, ila alishakata tamaa. Ni Msangu huyu, lakini kwa miaka waliyolima bega kwa bega alizoea kumwita Mbuke mama, kwa heshima ya Kisukuma. "Mayu," akamwambia, "tutashindana na mashine sisi?"

"Mashine haijanikosea kitu," Mbuke akajibu. "Anayekataa kuja kuangalia ana miguu."

Siku ya kumi, asubuhi, alishuka shambani, akakichimbua kisanduku chake kwa ncha ya jembe, akakifuta kwa upindo wa kanga mpaka kikawa kikavu kama unga. Rozalia alimwona kutoka kwenye tuta.

"Mayu, sheria unaijua. Anayegusa kipimo anakosa zamu msimu mzima."

"Zamu ipi hiyo nitakayoikosa? Niambie niililie kabisa."

Akakifunga kwenye kanga, akashika njia.

Ofisini alimkuta Justine na mzee Bartolomeo, mwenyekiti wa mfereji wa nne, anakunywa chai. Shamba la Bartolomeo ndilo la kwanza, karibu kabisa na ofisi, na maji huwa hayampiti. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mbuke hakuketi. Alifungua kanga, akakiweka kisanduku mezani, katikati ya makaratasi.

"Umeng'oa mali ya skimu?" Bartolomeo akauliza.

"Sijaiba, nimeileta kwenu. Justine, mwanangu, nisomee shamba langu."

Justine akamtazama mwenyekiti, kisha kioo. "Shamba la sita," akasoma. "Maji yanaingia. Kina kimefika..." Kisanduku kilikuwa mbele yake, kikavu, taa yake ndogo ya kijani inakonyeza.

"Yanaingia wapi?" Mbuke akauliza. "Kwenye chai ya mwenyekiti?"

Bartolomeo akakiweka kikombe chini.

Ikabidi Justine ampigie Kumud, fundi aliyevifunga vile vipimo. Huyo ni binti wa Kihindi wa Mbeya mjini, lakini Kiswahili chake ni cha sokoni Mwanjelwa kabisa. Simu ikawekwa sauti ya juu.

"Justine, ile kazi ya kugawa anwani, umeizima?"

Justine akasogeza daftari lake.

"Justine."

"Ilikuwa inanivuruga, dada. Leo shamba la sita ni kumi na saba, kesho ni tatu. Daftari langu lilichafuka, nikaona bora namba zitulie."

"Zimetulia kweli. Vipimo sita vya kila boksi vimetoka kiwandani na anwani moja. Kinapowashwa, kinatakiwa kiulize wenzake: kumi na saba ina mwenyewe? Wakinyamaza, sanduku kubwa linakiandikia, inakuwa yake mpaka kizimwe. Jina la shamba limo ndani yake, halibadiliki. Sasa umezima hiyo, wote sita wanaitika kwa anwani moja, na sanduku linamsikia aliyetangulia kuwashwa tu, wa shamba la kwanza, jibu lake linaandikwa kwa mashamba yote sita."

Hakuna aliyemtazama Bartolomeo, na hakukuwa na haja.

"Ni kama kibao cha namba pale zahanati," Mbuke akasema. "Leo napewa cha tatu, kesho cha arobaini, lakini goti linalouma ni lile lile langu."

Kumud akacheka kwenye simu. "Hapo hapo, bibi. Justine, washa, ni dakika mbili."

Bartolomeo akainua mkono. "Tusikurupuke. Jambo hili ni la kikao. Na huyu kwanza aandike barua ya kuomba radhi, la sivyo zamu hana."

"Mpunga wangu hauhudhurii vikao, mzee," Mbuke akasema. "Andika kwamba Mbuke kang'oa, na saa uiweke. Radhi siombi. Nimeishia darasa la tatu, neno samahani naliandika bila kukosea, ila hapa sioni wa kumwandikia. Na msipowasha, nakwenda kuving'oa vitano vilivyobaki nivipange hapa mezani, tuone meza hii itavuna magunia mangapi."

Justine akawasha. Hakumwuliza mwenyekiti.

Mashamba yakaanza kujitokeza kwenye kioo moja baada ya jingine, kila moja na anwani yake. La kwanza limejaa. La pili limejaa. La tatu na la nne, nusu. La tano, sifuri. La sita, sifuri. Justine akachukua kile kisanduku na ufunguo wa geti la maji, akaenda kufungua.

Kwenye mdomo wa shamba akamnyooshea Mbuke kisanduku akirudishe mahali pake.

"Kifunge wewe, mwanangu. Uingie humo."

Justine akavua viatu.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, kikaoni, Bartolomeo alisoma jina la Mbuke mbele ya wanachama wote, akamtaka asimame aombe radhi. Alisimama, maana kuitwa kaitwa.

"Mpunga wa shamba la sita umechanua," akasema, akaketi.

Rozalia naye akainuka, hakuna aliyemwita. "Na wa shamba la tano."

Mwenyekiti akafunua ukurasa, akasoma ajenda iliyofuata.