Jiwe la Bi Mwanakheir

Ijumaa ile, baada ya adhuhuri, mlango wetu uligongwa kwa namna tusiyoizoea. Mama hakuinuka kwenye mkeka. Alisema tu, "Fungua, Maganga. Huenda ndiye Mungu wako kaleta mchele."

Sikuwa Maganga tena. Tangu Pasaka ya mwaka ule wa 1971 nilikuwa Barnaba, nimebatizwa kwa maji mengi mbele ya watu wengi, lakini kwa mama maji yale yalikuwa yameshakauka. Wazee wetu walikuja Unguja kutoka Tabora kuchuma karafuu, na mama hakuwa na dini zaidi ya kuwaheshimu wafu wake na kuwashuku walio hai.

Nikafungua. Hakuwa Mungu. Alikuwa bibi mmoja mfupi, mkeka umekunjwa kwapani, kikapu mkononi, na uso wa mtu aliyekwisha kukasirishwa na mji mzima.

"Hodi," alisema, mguu mmoja ukiwa ndani tayari.

"Karibu. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Simai yuko wapi?"

Simai alikuwa amekaa vyumba vile kabla yetu. Nikamwambia kwamba alihamia Pemba tangu mwaka juzi.

"Kamuaga nani?" akaniuliza, kama kwamba mimi ndiye niliyembebea mizigo.

Jina lake lilikuwa Bi Mwanakheir, mtu wa Makunduchi. Binti yake, Kazija, alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa hospitali siku ya Jumatano, naye amepanda lori la makumbi ya nazi kuja kumuuguza, akitegemea kulala kwa Simai, mtoto wa shangazi yake.

"Muuza kahawa hapo barazani kanambia," aliendelea, "kama Simai hayupo, muombe huyo huyo utakayemkuta. Ati Mkristo mpya, bado hajajifunza kukataa. Kweli?"

Kabla sijajibu, mama alipaza sauti kutoka ndani. "Kweli tupu, bibi! Pita. Sisi humu tunakufa kwa ukweli huo."

Niseme hapa kwamba tangu nibatizwe Mungu alikuwa amenishughulikia kwa bidii. Wiki ya kwanza nilihamishwa shule niliyokuwa nafundisha, kutoka hatua mia mbili na mlango wetu wa Mji Mkongwe hadi Kiembe Samaki. Nikawa nakwenda kwa baiskeli, mpaka wiki ya tatu, ilipoibiwa. Wiki ya tano dari liliangukia kitanda changu, mimi nikiwa kanisani natoa shukrani. Na mchele, ambao kabla ya hapo ulikuwa adimu, sasa ukawa habari: fulani kauona, fulani kamsikia aliyeuona.

Nilimlalamikia Mwalimu Yeremia, aliyenifundisha katekisimu. Alinitazama kwa huruma. "Umebatizwa, Barnaba," akasema. "Hukupandishwa cheo."

Lakini mimi nilikuwa kijana msomi, nimetoka chuo cha ualimu na cheti, na mwenye cheti hakati tamaa upesi. Nilidhani tatizo ni kwamba sijaomba kwa ufasaha. Basi wiki ile niliomba kwa ufasaha, kwa sababu Jumapili tulikuwa na jambo. Wazazi wa Zakaria, mchumba wa dada yangu Tabia, walikuwa wanakuja kwetu kwa mara ya kwanza kula na kutuona.

"Wakwe hawapewi muhogo," alisema mama. "Wakila muhogo siku ya kwanza, mwanangu atakula masimango mpaka azeeke. Nataka mchele."

Tabia alikuwa akipiga pasi gauni lile lile kwa siku ya tatu. Nilipomuona hivyo moyo ulinijaa, nikatamka kwa sauti ya kanisani, "Msihangaike. Mungu atatoa."

"Atatoa saa ngapi?" aliuliza mama.

Sasa, kila aliyeishi mtaani kwetu miaka ile anajua mambo ya mawe. Mchele ulipokuja dukani ulikuja Jumamosi, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kusimama tangu Ijumaa, tulipanga mawe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, na watu waliyajua mawe ya jirani kama wanavyowajua watoto wa jirani. Jumamosi asubuhi mjumbe, Bwana Mmanga, alipita na fimbo, akigusa moja moja: "La nani hili?" Mwenyewe, au aliyetumwa na mwenyewe, aliitika naam, akashika nafasi. Mwanzoni mtu mmoja aliitikia ukoo mzima, pakatokea ngumi. Tangu hapo sheria ikawa mdomo mmoja, jiwe moja. Jiwe lisiloitikiwa lilipigwa teke likaenda mtaroni, na kesi ikaishia hapo.

Bi Mwanakheir aliposikia kuna mchele, alisahau kabisa habari ya Simai. "Mwanangu hajapata uji wa mzazi," alisema. "Pilipili manga nimekuja nayo. Mchele ndio sina. Nionyeshe hilo jiwe linawekwa wapi."

Nikamuokotea kipande cha ukuta ulioanguka nyuma ya nyumba.

"Dogo hili."

"Bibi, ni jiwe tu."

"Jiwe dogo litaonekana la mtu mdogo. Nipe lile."

Tukalibeba lile wawili. Kwa kuwa nilikuwa Mkristo mwenye adabu, nikamtangulizia: lake likawa la kumi na nane, letu la kumi na tisa. Alipolitua alijinyoosha kiuno, akanigeukia.

"Asubuhi nnakwenda kumuosha mwanangu. Nikichelewa kurudi utaliitikia?"

"Nitaliitikia."

"Sema wallahi."

"Sisi tumefundishwa tusiape, bibi. Nikisema ndiyo, basi ndiyo."

Akanikagua toka juu hadi chini. "Leo nimekosa vyote," akasema. "Simai na kiapo."

Ilikuwa ahadi rahisi, na nilijipongeza kwa kuitoa. Letu angeliitikia Tabia.

Jumamosi, bibi ameshatoka kwenda hospitali na jua linachomoza, akapita kijana wa tawi la chama na orodha: wasichana wa mtaa wote wanatakiwa Michenzani kubeba matofali ya maghorofa. Tabia akafunga kanga kiunoni, akaenda kulijenga taifa. Mama asingeweza kuja. Miguu yake ilikuwa imevimba, haijashuka ngazi zile tangu masika. Nikabaki mimi na mdomo wangu mmoja.

Sikuogopa. Hapa ndipo mahali pake, niliwaza: hapa ndipo Mungu huingia. Nikasimama kando ya mawe mawili nikaomba. Sikuomba tena mchele. Niliomba bibi mmoja tu, mfupi, atokee kwenye kona ile. Kwa aliyeumba mbingu na nchi halikuwa jambo kubwa. Walitokea kwenye kona ile mtu na punda wake, watoto wawili wa chuoni na juzuu zao, na mbuzi. Bi Mwanakheir hakutokea.

Bwana Mmanga alikuwa amefika jiwe la kumi na mbili.

"Mwalimu," alininong'oneza Miraji, fundi cherehani, ambaye jiwe lake lilifuata letu, "nasikia Jumapili mna wageni."

"Tuna wageni."

"Basi itikia lako. Yule wa shamba, akishapona mwanawe yuko kwao Makunduchi. Utamuona wapi tena?"

"Nilimuahidi."

"Uliapa?"

"Sikuapa."

"Ah!" Akafurahi kweli kweli kwa ajili yangu. "Kumbe huna deni!"

Kumi na sita. Kumi na saba. Nilitazama kona. Niliwaza muhogo mezani mbele ya wakwe, na Tabia ameinamisha uso ndani ya gauni lililopigwa pasi siku tatu. Niliwaza pia, na hili naliandika kwa aibu, kwamba Mungu akitaka bibi yule apate mchele anazo njia nyingine nyingi, hana haja ya kutumia wangu.

Fimbo ikagonga. "La nani hili?"

Watu waligeuka kunitazama.

"Naam," nikasema.

"Lako?"

"La Bi Mwanakheir wa Makunduchi. Kanituma."

"Na hili la nyuma yake?"

"Hilo ndilo letu, Bwana Mmanga. Unalijua. Tabia yuko Michenzani, mama miguu..."

"Mdomo mmoja, mwalimu."

Alinitazama kidogo, maana alikula pilau kwetu siku ya msiba wa baba. Kisha akalisukuma jiwe letu mtaroni kwa ncha ya kiatu, taratibu, kwa heshima zote. Miraji akasogea mbele nafasi moja na kutikisa kichwa kama mtu aliyeona nyumba ikiungua.

Nilipopewa mchele, ratli tatu ndani ya mfuko wa karatasi, nilirudi kusimama mwisho wa mstari. Mchele uliisha zamani kabla ya kunifikia.

Basi nilikwenda zangu, mfuko kifuani. Nilikuwa nimeomba mchele wiki nzima na mchele huu hapa, safi, mzito. Mungu alikuwa amejibu maombi yangu barabara. Alikosea anwani tu.

Njia ya hospitali ilipita chini ya dirisha letu. Ningeweza kuzunguka. Sikuzunguka, na mama alikuwa dirishani, orofa ya pili.

"Umepata!" Sijamsikia akipiga kelele ya furaha namna ile tangu baba alipokuwa hai. "Maganga kapata!" Na kabla sijainua mkono, kikapu kilikuwa kinashuka kwa kamba, kile tunachoteremsha kununulia mboga, kikizunguka zunguka, mpaka kikasimama mbele ya kifua changu.

"Si wetu, mama."

"Nini?"

"Wa Bi Mwanakheir. Mdomo mmoja, jiwe moja. Niliitikia lake."

Muuza kahawa aliacha kugonga vikombe vyake. Mama hakutukana. Aliteremsha sauti, akaniambia kwa upole ambao ulinitisha zaidi, "Mimina nusu, mwanangu. Mzazi mmoja na bibi mmoja, watamaliza ratli tatu? Ataona nini yule?"

Wazo hilo nilikuwa nalo tangu dukani. Nilikuwa nimeshajua hata nitakavyoukunja mfuko usionekane kupungua. Nikafungua mdomo wa mfuko. Nikangoja nisikie sauti ya Mungu; wakati ule ningeipenda sana, hata ya kunikaripia. Hapakuwa na sauti yoyote. Kulikuwa na kikapu kikining'inia, na uso wa mama juu yake.

Nikaufunga mfuko.

"Na kesho?" aliuliza mama.

"Sijui."

"Kwani yule hatoi tena?"

Mtaa wote ulikuwa unasikiliza, nami sikuwa na hata neno moja la ufasaha. "Nnamtegemea, mama," nikasema. "Atatoa nini, sijui. Labda hatatoa kitu. Mie nnamtegemea tu."

Kamba ikaanza kupanda, na kikapu kitupu kikagonga ukuta mara mbili kikienda juu.

"Ukirudi pita kwa Khamisa," alisema akiwa ameshanipa mgongo. "Chukua nazi tatu, mwambie nitampa Jumatatu. Muhogo mkavu siwapi wakwe zangu, mie."

Hospitalini nilimkuta Bi Mwanakheir amekaa kwenye benchi la ukumbi wa wazazi, kichanga mapajani. Kazija alikuwa amelala upande wa pili wa mlango, kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

"Kaamka na homa," alisema bibi, hata salamu hakungoja. "Nimeshindwa kumuacha. Jiwe langu?"

Nikampa mfuko. Akaupima mkononi, akaufungua, akanusa, akatia vidole ndani.

"Una chuya."

"Ndio uliokuwepo, bibi."

"Na wenu? Una chuya pia?"

"Wetu hatukupata. Dada yangu aliitwa Michenzani."

Aliacha kupekua. Nilimuona akihesabu kimya kimya, mawe mawili, mtu mmoja, na nikaogopa kwamba sasa atanirudishia, na nikaogopa zaidi kwamba nitapokea. Lakini ng'ambo ya mlango Kazija aligeuka akaita, "Mama," kwa sauti nyembamba ya mtu asiyekula tangu Jumatano, na bibi yule akafunga uso wake tena.

"Mama yako anajua, Mkristo?"

"Anajua."

"Kasema nini?"

"Kasema nipitie nazi."

"Mm," alisema Bi Mwanakheir. Akaninyooshea kichanga bila kuuliza kama nimewahi kushika. "Msogeze kichwa hivyo. Si hivyo! Hivyo."

Kisha akautandaza upindo wa kanga yake juu ya benchi, akaumimina mchele wote, akaanza kuchagua chuya.