Mwenyekiti Hayumo Kwenye Orodha

Ndugu yangu Kimeu alipiga simu Jumapili baada ya ibada. Alisema nitafute nyumba tatu za kutunza wazee, nilinganishe bei, nimpe jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Jumamosi ya mwisho angekuja na gari kutoka Nairobi kumchukua Mama.

"Tatu tu?" nikamwuliza.

"Tatu zinatosha, Nduku. Si siku hizi uko shule? Tumia hiyo elimu."

Niko shule kweli. Nina miaka hamsini na miwili. Kila Jumanne na Alhamisi jioni nafunika nyanya zangu pale soko la Kathonzweni na kwenda masomo ya ngumbaru, darasa la watu wazima. Ama nilikuwa nakwenda. Mwezi wa pili Mama alianguka akifukuza kuku kwenye ndengu zilizoanikwa, akavunjika nyonga. Hospitalini walimtia vyuma, wakampa kifaa cha miguu minne cha kutembelea, wakamrudisha nyumbani. Lakini kuamka kitandani, kuoga na kwenda choo, lazima mtu amshike. Mtu huyo ni mimi.

Nilimwambia Mungu kwamba nimechoka. Nikamwambia pia kwamba sitaki Mama aondoke. Nilimwachia apange mwenyewe jinsi ya kujibu yote mawili.

Mwalimu Mwau alikuwa ametufundisha kuchora jedwali. Nikachukua rula, nikachora, nikaanza kupiga simu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Kitui mjini. Elfu arobaini na tano kwa mwezi.

"Na chakula?" nikauliza.

"Chakula kiko ndani."

"Na pampasi?"

"Hiyo ni kando."

"Na dawa?"

"Kando. Na daktari akija, kando."

Nikaongeza safu nyingine kwenye jedwali, nikaiita Kando. Ikawa pana kuliko zote.

Ya pili ilikuwa ya wamisheni, upande wa Tulia. Hiyo ilikuwa bure. Aliyepokea simu alikuwa na sauti nzuri.

"Huyo mama ana watoto?"

"Wawili."

"Wako hai?"

"Mmoja ndiye anaongea na wewe."

"Basi pole, dada. Sisi huchukua wale hawana mtu."

Nikaandika: Bure. Tatizo: tuko hai.

Ya tatu ilikuwa Matiliku. Elfu ishirini na nane, na pampasi ndani. Msimamizi, Bwana Kyule, alisema nije nione, na nimlete mzee mwenyewe aone.

Nilimwambia Mama kwamba tunaenda Matiliku kuona mahali wazee wanatunzwa. Niliomba kabla ya kusema, na maneno yakatoka hivyo. Hayakuwa uongo.

Sasa, Mama yangu Syokau ni mwenyekiti wa kamati ya kuona wagonjwa kanisani kwetu. Amekuwa mwenyekiti miaka ishirini na mbili. Kila Ijumaa ananitajia majina, mimi naandika kwa sababu yeye hajui kuandika, Jumamosi mama Nthenya wa kamati anakuja kuchukua orodha, na Jumapili pasta anaisoma. Aliyesomwa anatembelewa. Ambaye hajasomwa hatembelewi, maana kamati haijatumwa. Kwa hiyo asubuhi ya safari Mama alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kikundi kichwani, akaniuliza kama nimenunua sukari kilo mbili na sabuni. Kwetu hatuingii kwa mgonjwa mikono mitupu.

Kitheka jirani alitupeleka na Probox yake. Mlangoni kulikuwa na kitabu cha wageni. Mama akaniambia niandike, mahali pa sababu ya kuja: Kuona wagonjwa, kamati ya Kathonzweni. Niliandika.

Bwana Kyule alikuwa mtu mpole. Nyumba ilikuwa safi, siwezi kuisingizia. Alitupeleka kwenye chumba cha akina mama, akagonga godoro la kitanda kilicho dirishani.

"Hiki ndicho tumetayarisha, mama. Kinapata jua."

Mama akakitazama. "Wa hapa ametolewa lini?"

"Nani, mama?"

"Mgonjwa wa hapa."

"Hicho bado hakina mtu."

"Bwana asifiwe," alisema Mama, akasukuma kifaa chake hadi kitanda cha pili.

Aliomba kitanda kwa kitanda. Bwana Kyule alinisogelea na karatasi ya bei mkononi. "Dada, samahani. Huyu ndiye mgonjwa ama ni mgeni?"

Nilimwambia bado tunaangalia.

Kitanda cha mwisho kilikuwa na mama mmoja aitwaye Kasiva. Mama alimpa sukari, akamwuliza, "Kanisa lenu wanakuja?"

"Walikuja mwanzo mwanzo. Sasa wanasema niko mahali pazuri."

"Na ni pazuri?"

"Pazuri sana," alisema Kasiva. "Chai ni saa nne." Kisha akatazama mlango.

Tulirudi nyumbani. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilimketisha, nikaleta daftari, akaanza kutaja: mzee mwenye ugonjwa wa sukari, mke wa fundi, mtoto wa Mbinya mwenye malaria. "Na yule Kasiva wa Matiliku. Ni mbali lakini andika."

Niliandika. Halafu nikasema, "Mwaitu, mama yangu, kuna mwingine. Alivunjika nyonga mwezi wa pili. Anatunzwa na binti mmoja tu. Hakuna mtu wa kamati ameenda, hata siku moja."

"Ati nini? Wa kanisa letu?"

"Wa kanisa letu."

"Na mbona hakusomwa?"

"Mwenyekiti hakumtaja."

"Mwenyekiti gani huyo m—" Akaacha hapo. "Nduku. Kuvunjika si ugonjwa. Ugonjwa ni malaria."

"Mama Nthenya anasimama pale mlangoni kila Jumamosi. Anasema pole, anachukua orodha, anaenda. Hajatumwa."

"Mimi ndiye natuma."

"Ndiyo, Mwaitu. Na kile kitanda cha dirishani kilikuwa chako. Kimeu anakuja na gari Jumamosi ijayo."

Kuku mmoja aliingia, akatoka. Hakuna aliyemfukuza.

"Nilishangaa vile yule bwana alikuwa ananipima kwa macho," alisema Mama. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga tena. "Andika. Lakini mimi niwe wa mwisho."

Jumapili pasta alisoma majina haraka kama kawaida, akafika la mwisho, akasimama, akalisoma tena. Jumatatu walikuja wanawake tisa, kila mmoja na kilo moja ya sukari. Mama aliwapokea akiwa amelala, kisha akaomba aketishwe, akawapangia zamu. Alikuwa mkali. Alimweka mama Nthenya asubuhi kwa sababu ana nguvu za kuinua mtu. Alimpa Mbinya Jumanne na Alhamisi jioni. "Wewe maombi yako ni mafupi," alimwambia, "na Nduku lazima awahi darasa."

Mbinya alipofika Jumanne jioni, nilikwenda nyuma ya nyumba nikamshukuru Mungu. Nilisema machache, kwa sababu nilikuwa nachelewa.

Jumamosi Kimeu alifika na gari limeoshwa. Nikampa jedwali. Nilikuwa nimeongeza mstari wa nne: Nyumbani. Msichana wa kufua na kupika, elfu nane. Kando: hakuna.

"Hii ya nne sikukuitisha," alisema.

"Kimeu," Mama aliita kutoka chumbani. "Njoo unishike niende choo."

Alienda. Walichukua muda mrefu. Aliporudi shati lilikuwa limetoka kwenye suruali, na hakukaa mara moja.

"Unafanya hivi mara ngapi kwa siku?" aliniuliza.

"Sita. Sasa ni mara tatu."

Alisoma jedwali tena, akatoa kalamu yake, akaweka alama kwenye mstari wa nne. Elfu nane angetuma kila tarehe tano.

Mama hakumwacha aende hivyo hivyo. Alisema Matiliku si mbali na njia yake ya kurudi, akaniambia niweke kilo tano za sukari kwenye kiti cha gari ambacho Kimeu alikuwa amemtayarishia yeye.

Saa kumi simu ikalia. Ilikuwa Kimeu, ameshika kitabu cha wageni mlangoni kwa Bwana Kyule, anauliza hapo pa sababu ya kuja aandike nini.

Nikamwambia.

"Na mwambie asitoke bila kuomba," alisema Mama. "Aanze na Kasiva."