Kitufe Kilichosubiri Jina

Bhoke alikuwa ameiandika programu ya kompyuta ya kliniki ya Sindo mwenyewe, ofisini kwake Migori, na hakuwa na wasiwasi nayo mpaka Beverlyne, muuguzi wa kliniki hiyo, alipompigia simu.

"Dada, kitufe cha kuhifadhi kimefifia. Nakibonyeza, hakisikii."

"Kuna nafasi umeacha wazi."

"Ya jina la mtoto. Huyu hana jina."

"Mwambie mama yake achague moja."

"Njoo umwambie wewe."

Bhoke alifika Sindo alasiri. Ziwa lilikuwa limetulia tuli, na sauti za watu wa ufuoni zilimfikia polepole, kana kwamba zinapita kwenye pamba. Wodini, mama aliyeitwa Bathsheba alikaa karibu na dirisha, mtoto wake mchanga kifuani. Alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani tangu asubuhi, lakini kitufe kisipobonyezeka, kadi ya mtoto haichapishwi, na bila kadi hawezi kuondoka.

"Jina haliokotwi, madam," Bathsheba alisema kwa upole. "Kwetu, marehemu wetu wa zamani huja usingizini akasema huyu ni wangu, ndipo mtoto apewe jina lake. Mimi nikilala naona maji tu. Kuna mtu amesimama mbali, amenipa mgongo. Bado hajageuka."

Akajiegemeza ukutani, usingizi ukamchukua.

"Weka herufi yoyote ipite," Beverlyne alinong'ona.

"Itamfuata maisha yake yote."

Bhoke akafungua kompyuta yake magotini. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: jina likikosekana, kitufe kizimwe. Siku alipouandika alikuwa akiwaza makarani wenye haraka. Hakuwaza mwanamke anayengoja kugeukiwa. Pazia lilipumua, likajaa upepo, likalegea. Naye akaandika upya, taratibu, asije akamwamsha mtu kwa kugonga vibonyezo: jina la mama likiwepo, kitufe kiwake, la mtoto liongezwe siku yoyote litakapopatikana.

Beverlyne akajaribu. Rangi ya majivu ikatoka kwenye kitufe, ikaingia ya kijani, na mashine ikaanza kuitema kadi.

Bathsheba akafumbua macho.

"Amegeuka?" Bhoke aliuliza, akajishangaa kwa kuuliza.

"Bado. Lakini amesogea karibu."

Walimsindikiza hadi langoni. Hapo Bathsheba akampa Bhoke mtoto ili ajifunge leso vizuri. Mtoto alikuwa mwepesi, ananukia maziwa, na macho yake yalitazama juu kana kwamba kuna mtu nyuma ya bega la Bhoke. Bhoke alitaka kumwita, akakumbuka hana cha kumwita. Basi akambembeleza kimya kimya, wala hakumharakisha mama yake, aliyekuwa akiitafuta ncha ya leso mgongoni.